Vyumba vya Uani kwa Bi Tausi

Zaituni alinipigia simu saa tano na nusu nikiwa nachagua mchele kwangu Morogoro. Hakuzunguka. "Dada Vero, mama ametutoka. Tunamzika leo baada ya adhuhuri. Najua hutawahi, lakini njoo." Nilifika nyumbani kwake Mikumi kesho yake kwa basi la asubuhi, magoti yakiuma, nikawakuta wanawake wamekaa kwenye mikeka, wengine wanamenya vitunguu, wengine wameshika tu vikombe vya chai ya rangi. Bi Tausi, mama yake, alikuwa amevuka miaka tisini, na msiba wa mtu aliyefika umri huo huwa na nafasi ya kicheko. Mama mmoja aliyekulia Kilosa alikuwa anasimulia jinsi marehemu alivyoibomoa nyumba yake mwenyewe kwa jembe, enzi zile za Ujamaa, akiiogopa serikali ambayo wala haikuwa na habari naye. Alisimulia vizuri, akionyesha kwa mikono, na watu wakacheka hadi wakajifuta macho kwa kanga. Nilicheka nao. Halafu nikaweka kikombe chini. Mwaka ule anaousimulia nilikuwa na miaka ishirini, na chumba kimojawapo kati ya vilivyobomolewa kilikuwa changu.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba moja la mkonge upande wa Kimamba. Kazi ilikuwa huko, lakini nyumba za shamba zilikuwa za wanaume na familia zao, kwa hiyo sisi wasichana wawili watatu wa ofisini tulipanga Kilosa mjini na kwenda kazini kila siku kwa lori la shamba. Mtaa wetu ulikuwa pembeni ya mji, kati ya reli na Mto Mkondoa, na karibu kila nyumba ilikuwa ya wapangaji. Ilipofika saa kumi na mbili asubuhi milango ilianza kufunguka mmoja mmoja. Watu wa reli walitoka na vikopo vyao vya chakula, makarani na baiskeli, walimu na madaftari yamefungwa kwa mpira wa baiskeli, na sisi wa lori tulisimama kwenye kona tukinukia mafuta ya nazi na moshi wa kuni. "Shikamoo, shikamoo," njia nzima, maana kila uliyekutana naye alikuwa amekuzidi umri au wewe umemzidi, na hakuna aliyethubutu kupita kimya. Ikifika saa mbili mtaa ulibaki wa kuku na wenye nyumba. Jioni tulirudi na vumbi jekundu kwenye nyusi, na vyungu vilikuwa vimeshaanza kuchemka. Mpaka leo nikisikia lori likishusha gia kwenye kilima, mwili wangu unataka kuinuka utafute kanga.

Nyumba ya Bi Tausi ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa bati, vyumba vinne mbele na korido katikati, na vingine viwili vilivyoongezwa baadaye upande wa uani, vikitazamana na jiko. Mimi nilikuwa kwenye kimoja cha hivyo viwili. Kingine kilikuwa na magunia ya mpunga na kitanda kisicho na kamba. Chumba changu kilitosha kitanda, kasha, na mtu mmoja aliyesimama. Dirisha lilikuwa kipande cha mbao kilichozuiwa kwa fimbo, na nikilifungua asubuhi moshi wa jiko uliingia pamoja na harufu ya chochote kilichokuwa motoni. Ukuta wa kichwani mwangu ulikuwa na ufa ambao Bi Tausi aliuziba kwa udongo kila baada ya mvua, akilalamika kwa Kisagara, lugha niliyoielewa nusunusu. Sijawahi kukipenda chumba chochote kama kile, na nimeshaishi katika nyumba zenye vigae.

Alikuwa mjane wa kama miaka arobaini, mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na hakupenda kuona mtu anakula peke yake. Mkataba wetu ulikuwa wa chumba tu, lakini jioni ya kwanza alinikuta nimekaa kitandani na mkate na chai, akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Huo ndio mlo?" akauliza. Tangu siku hiyo nilikula uani pamoja na Mzee Songoro, fundi wa reli aliyepanga chumba cha kati, na mkewe. Tulikula ugali na mlenda, kisamvu cha karanga, makande siku za mvua, na wali wa mbaazi Ijumaa. Mbaazi na mpunga vilitoka shambani kwake njia ya Zombo, alikokwenda kwa miguu msimu wa kulima na kurudi na jembe begani, matope yamemfika magotini. Mwezi wa Ramadhani mimi Mkristo ndiye niliyekuwa wa kwanza kukaa kwenye mkeka wa futari. Mzee Songoro alinitania, "Vero, wewe unafungua nini na mchana umekula?" Bi Tausi akamjibu kwa niaba yangu, "Anafungua kazi."

Chumba cha mbele kulia, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, alipanga Ndugu Method, karani katika ofisi moja pale mjini. Alikuwa na redio, shati jeupe, na kawaida ya kusubiri jibu lako baada ya kukuuliza jambo. Hilo la mwisho ndilo lililonipata. Jioni aliweka redio kwenye kiti barazani na majirani walikusanyika kusikiliza taarifa ya habari, kisha yeye akaeleza. Azimio, unyonyaji, kujitegemea, vijiji. Alikuwa ameshahudhuria semina na aliyaamini anayoyasema, na mimi pia niliyaamini, na nikiri kwamba mengi yake nayaamini bado. Ila alipomaliza kuwaeleza wengine alinigeukia mimi, akasema, "Wewe uliyesoma unaonaje?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Sikumpenda kwa namna ambayo watu wa mtaa walidhani. Nilipenda nilivyokuwa mtu mkubwa kila alipouliza.

Zaituni, binti pekee wa Bi Tausi, alikuwa ameolewa Mikumi na mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika miezi saba. Alitaka kuja kujifungulia kwa mama yake. Bi Tausi alifikiri, akaona vyumba vya uani ni vidogo na vina moshi, akamwendea Method kwa adabu na kumwomba ahame ifikapo mwisho wa mwezi ili mwanawe apate chumba chenye hewa. Method alisema sawa, lakini uso wake haukusema sawa. Wiki ile ile redio ikatangaza kwamba serikali inachukua majengo makubwa ya kupangisha. Sisi kwenye baraza hatukusikia neno "makubwa". Tulisikia "ya kupangisha". Mke wa Mzee Songoro aliuliza kama na nyumba hii imo. Method alizima redio polepole. "Vyumba sita," alisema. "Mtu mmoja ana vyumba sita. Mnyonyaji si lazima atoke ng'ambo."

Siku mbili baadaye alinipa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, akaniomba niipige chapa ofisini saa ya chakula. Ilikuwa barua kwa wakubwa wa wilaya, ikianza na "Sisi wapangaji", bila jina la mtu. Ilieleza kwamba mwenye nyumba anawatoa wafanyakazi vyumbani apendavyo na kwamba nyumba hiyo ingefaa iwe ya umma. Niliisoma nikiwa peke yangu mbele ya mashine, wenzangu wameenda kula. Ningeweza kuikunja na kumrudishia. Nilichofikiria ni kwamba Kiswahili chake kilikuwa kirefu mno na hakina nguvu. Nikaanza kurekebisha. Nikafuta hapa, nikaunganisha pale, na mwishoni, kwa furaha ya mtu anayejua kazi yake, nikaongeza sentensi yangu mwenyewe: "Mama huyu anaishi kwa jasho la wengine." Niliitazama ilivyokaa vizuri kwenye mstari. Jioni ile nilikula mbaazi za Bi Tausi, nikaongezewa.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja alasiri moja, mzee mpole ambaye hakupenda kazi aliyotumwa. Tulikuwa uani wote isipokuwa Method. Alikataa kiti, kisha akakikubali. "Bi Tausi, kuna barua imefika huko juu. Imeandikwa kwa mashine, nimesomewa. Wanasema watakuja watu kuitazama nyumba." Bi Tausi aliuliza imesema nini. Mzee aliangalia mikono yake. "Inasema unaishi kwa jasho la wengine." Bi Tausi alikuwa na mwiko mkononi, akauweka juu ya kifuniko cha chungu, akaunyoosha, akaunyoosha tena. Kisha alitutazama mmoja mmoja, bila hasira yoyote. "Humu ndani kuna niliyemkosea?" aliuliza. Mzee Songoro alisema hapana, mkewe akasema hapana. Na mimi nikasema, "Hapana, mama."

Hakumtoa Method tena. Alimtumia Zaituni salamu kwa mtu wa treni kwamba asubiri kwanza Mikumi, hadi wageni wa ofisi wapite. Chakula kiliendelea kupikwa, ila alianza kukipakua kwa uangalifu, kama aliye nyumbani kwa watu. Jumamosi iliyofuata tulifunga kazi saa sita. Niliposhuka kwenye lori nilisikia kishindo kutoka nyuma ya nyumba, nikadhani wanatwanga. Nilipoingia uani nikamkuta Bi Tausi amejifunga kanga kiunoni, kichwa cheupe kwa vumbi, anaupiga ukuta wa chumba changu kwa jembe. Ukuta wa chumba cha magunia ulikuwa chini tayari. Bati zilikuwa zimeshushwa na kuegemezwa kwenye ua. Kitanda changu, kasha langu, sahani yangu, hata kioo kilichopasuka, vyote alikuwa amevihamishia chumbani kwake na kuvipanga kama nilivyokuwa nimevipanga mimi.

"Mama, unafanya nini?" nilimuuliza.

"Vyumba sita ni vingi, wamesema. Vinne havina neno." Alihema, akafuta jasho kwa kiwiko. "Wewe utakaa kwangu. Nafasi ipo."

"Lakini hawajaja bado. Hawajasema lolote."

"Wakija wakute nimeshajirekebisha."

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Maneno yalikuwa mdomoni. Badala yake nilivua viatu, nikachukua mtaimbo wa Mzee Songoro uliokuwa umeegemezwa jikoni, nikaanza kubomoa pamoja naye. Sijui kama ilikuwa toba au woga, na baada ya miaka yote hii bado sijui. Tulifanya kazi hadi jua likapungua. Penye ufa ule aliokuwa akiuziba kila mwaka ndipo ukuta ulipoachia. Method alirudi, akasimama mwisho wa korido na baiskeli yake, akatazama. Alihama kabla ya mwezi kuisha, kwa hiari yake, na nilisikia baadaye kwamba aliomba kazi Lumuma kijijini, akafundisha watu wazima kusoma, na walimpenda.

Wakaguzi walikuja Jumamosi ya pili yake, wanaume wawili, mmoja kijana sana. Waliizunguka nyumba mara moja tu. Mkubwa wao aliugusa ukuta kwa kidole, udongo ukamdondokea kwenye kiatu. "Mama, sheria ile ni ya majengo makubwa ya mjini," alisema. "Ghorofa, maduka. Nyumba kama hii haiwahusu hata kidogo waliotunga." Yule kijana akaonyesha kifusi. "Na pale palikuwa na nini?" Bi Tausi akajibu, "Palikuwa na vyumba viwili." Kijana alivua kofia yake. Kisha Bi Tausi akawakaribisha wali, maana ilikuwa saa ya chakula, nao walikula wameinamisha vichwa. Walipoondoka aliosha sahani zao, akazisuuza, akazirudia tena kuziosha. Alikuwa hajamaliza Mzee Songoro alipoingia kutoka stesheni, amebeba ujumbe ulioletwa na mtu wa treni ya Kidatu, ile inayopita Mikumi. Zaituni alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku tatu zilizopita, uchungu ulimwanza mapema, mume wake yupo kazini porini, jirani ndiye aliyempeleka hospitali. Wote wawili wazima. Bi Tausi alisema, "Alhamdulillahi." Halafu akakaa chini pale pale penye matope ya maji ya vyombo.

Nilimsindikiza Mikumi. Tulipanda treni asubuhi, kikapu chake kimejaa mchele, kuku wawili miguu imefungwa, na vipande vya kanga kuukuu alivyovifua vikalainika. Mashamba ya mkonge yalipita, kisha mpunga, kisha milima ikasogea. Nilimwambia kabla hatujafika nusu ya safari. Nilisema, "Mama, ile barua niliipiga chapa mimi." Aliendelea kutazama nje. Treni ilisimama kwenye stesheni ndogo, wanawake wakaja madirishani na ndizi, akanunua kichane, akanipa moja. Tulipoanza tena kwenda ndipo alipouliza, "Na yale maneno ya jasho la wengine. Yalikuwa ya Method?"

"Yalikuwa yangu."

Alitikisa kichwa taratibu. "Nilifikiri hivyo. Method hajui kusema kwa kifupi." Akamenya ndizi yake, akaila yote. "Mwezi ujao utafute chumba kingine, Vero. Sikufukuzi kwa ubaya. Ila siwezi kulala chumba kimoja na mtu huku napima ninachosema."

Nyumbani kwa Zaituni, Bi Tausi alinipakatisha mtoto kama mgeni yeyote. Zaituni alikuwa amekonda, macho yake yakimfuata mama yake kila aendako. Alimuuliza mara moja tu, "Mbona hukuja?" Mama yake akajibu, "Nyumba ilinishika." Nami nilikuwa nimeinamia kichwa cha mtoto, nikinusa mafuta aliyopakwa.

Nilihamia nyumba ya pili kutoka mwisho wa mtaa, kwa mwanamke mwingine, mtu mwema aliyekaa na mambo yake. Nilikula mkate na chai. Asubuhi nikienda kwenye lori nilipita mbele ya Bi Tausi akifagia, nikasema, "Shikamoo," naye akasema, "Marahaba," na hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoishia kwa miezi mitano. Nilijifunza katika miezi hiyo jinsi salamu inavyoweza kuwa mlango uliofungwa na bado ukawa mlango. Mvua ziliponyesha na kukatika niliona fito zimerundikwa uani kwake, nikajua anataka kujenga. Jumapili moja nilitoka kanisani, nikabadili nguo, nikaenda bila kuitwa. Alikuwa anakanyaga udongo shimoni peke yake, kanga imepandishwa. Nilisimama. Aliniangalia nilivyovaa, akaona nimekuja na nguo ya kazi. Akaelekeza kwa kidevu kwenye ndoo.

Nilichota maji Mkondoa Jumapili saba. Mzee Songoro alisimamisha nguzo na kufunga fito, sisi wanawake tukakandika. Kilikuwa chumba kimoja tu, si viwili, lakini alikifanya kipana na dirisha akaliweka upande usio na moshi. Hakuzungumzia barua, wala mimi. Tulizungumza juu ya udongo, kama una mchanga wa kutosha, kama utapasuka. Siku tuliyomaliza alipika wali wa mbaazi, akaniwekea sahani kabla ya ya Mzee Songoro, na yule mzee akajifanya hakuona. Zaituni alikuja na mwanawe kukaa mwezi mzima, na jioni nikitoka kazini nilipitia pale nikimkuta mtoto anatambaa kwenye sakafu niliyoisawazisha kwa viganja vyangu. Mwisho wa mwaka nilipata kazi Morogoro. Bi Tausi alinifungia mchele wa safari kwenye kitambaa, akanisindikiza hadi stesheni, akanishika mkono mpaka treni ilipoanza kuondoka.

Haya yote yalinipitia pale msibani nikiwa nimeweka kikombe chini. Watu walipopungua Zaituni alikuja kukaa karibu yangu. Naye sasa ni mzee, miguu imevimba, sauti ni ya mama yake kabisa. "Mama alikuwa anapenda kusema kile chumba cha uani ulimjengea wewe," aliniambia. "Mpaka juzi juzi alikuwa anakitaja."

"Alikuambia kwa nini nilimjengea?"

"Alisema ulikuwa mtoto mwenye huruma."

Nikamweleza. Nilimweleza ofisi ilivyokuwa kimya saa ya chakula, nilivyorekebisha Kiswahili cha Method, na sentensi niliyoiongeza. Nilimwambia kwa nini mama yake hakuwepo siku ya uzazi. Alinisikiliza bila kunikatiza, akikunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Mama alijua?"

"Alijua. Nilimwambia kwenye treni, siku tulipokuja kukuona."

"Basi yeye alikusamehe yale ya nyumba. Hayo yalikuwa yake." Alitazama uani, ambako wajukuu wake walikuwa wanapanga masufuria. "Lakini mimi nilijifungua nikimwita, Vero. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Miaka yote nilidhani alipenda nyumba kuliko mimi."

Sikumwomba msamaha kwa haraka, kwa sababu niliona ungekuwa unanisaidia mimi kuliko yeye. Nilianza kutafuta mkoba wangu; basi la kurudi Morogoro lilikuwa linapita saa nane. Zaituni aliuona mkono wangu, akauvuta mkoba, akausogeza nyuma yake, ukutani.

"Sijui bado nitakujibu nini," alisema. "Hitma ni keshokutwa. Kaa, nikijua nitakuambia."

Nikakaa. Nikaomba kisu, nikasogea kwenye vitunguu pamoja na wengine.